Usahaulifu, Kichaa au Uzee? Uhakiki wa Istilahi za Kupungua kwa Utambuzi

Taaluma ya tiba imepiga hatua kubwa katika kuchunguza maradhi yanayompunguzia mzee kumbukumbu, lugha na uwezo wa kuamua mambo yake. Kiswahili hakijapiga hatua hiyo. Daktari wa Upanga, mwalimu wa Gerezani, ofisa wa ustawi wa jamii wa Ilala na mama auzaye viungo katika Mtaa wa Swahili, kila mmoja ana jina lake la hali hii, na majina hayo hayakubaliani hata kidogo. La mmoja lina maana ya wazimu, la mwingine lina maana ya usahaulifu tu, na la wa tatu halielezi lolote ila kwamba mgonjwa amezeeka. Katika makala haya tumekusudia kuyapima majina hayo moja baada ya jingine, kuonyesha madhara ya kila moja, na kutoa mapendekezo ambayo wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wanaweza kuyajaribu katika kazi zao.

1. Jambo lenyewe

Hapana istilahi njema inayoundwa juu ya jambo lisilofahamika. Kwa hiyo yatupasa kwanza tulieleze jambo. Hali tunayoizungumzia si ugonjwa mmoja. Ni mkusanyiko wa dalili ambao huletwa na magonjwa kadhaa ya ubongo. Kubwa kati ya hayo ni ugonjwa wa Alzheimer, uliopewa jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, ambaye mwaka 1906 aliwaeleza madaktari wenzake habari za mwanamke mmoja aliyekuwa akitibiwa Frankfurt, aliyeanza kupotewa na kumbukumbu angali katika umri wa miaka hamsini na kidogo. Mwaka 1910 mwenzake, Emil Kraepelin, ndiye aliyelitia jina hilo katika kitabu chake cha magonjwa ya akili. Mbali na ugonjwa huo, yapo madhara ya mishipa ya damu ya ubongo, ambayo huandamana na kiharusi na shinikizo la damu. Na yapo magonjwa mengine yanayoanza, si kwa kusahau, bali kwa kubadilika tabia, kupotewa na maneno, au kuona vitu visivyokuwapo.

Kinachozifanya dalili hizo zihesabiwe kuwa hali moja ni mambo mawili. La kwanza, mtu alikuwa na uwezo kisha akaupoteza. Hakuzaliwa bila ya uwezo huo. La pili, upotevu umefikia kiasi cha kumzuia kuendesha maisha yake ya kila siku: kupika, kuhesabu fedha, kufika aendako na kurudi. Kabla ya kiasi hicho ipo daraja ya chini, ambapo upungufu unaonekana katika vipimo, na pengine mwenyewe anauhisi, lakini bado anajiendesha. Daraja hiyo ya chini nayo inahitaji jina, kwa sababu si wote walio humo wanaoendelea kuwa wabaya zaidi. Wengine hubaki walivyo, na wengine hupata nafuu.

Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021 watu wapatao milioni 57 duniani walikuwa katika hali hii, na zaidi ya asilimia 60 kati yao waliishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Hapa Tanzania, watafiti wa humu nchini wakishirikiana na wa Uingereza waliwachunguza watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi katika vijiji sita vya Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Matokeo yaliyochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 2010 yalionyesha kwamba, baada ya kusawazisha umri, asilimia 6.4 walikuwa na hali hii. Kiwango hicho hakiko mbali na vile vya nchi tajiri. Kwa hiyo dhana kwamba haya ni maradhi ya Wazungu haina msingi.

Vilevile haina msingi dhana kwamba haya ni uzee tu. Tume ya wataalamu iliyokusanywa na jarida la Lancet ilitangaza mwaka 2024 mambo 14 yanayoongeza hatari na ambayo yanaweza kurekebishwa, yakiwemo elimu ndogo utotoni, shinikizo la damu, kisukari, uvutaji wa sigara, upungufu wa kusikia na upweke. Na kwamba kama yote yangeondolewa, karibu asilimia 45 ya wagonjwa wangeweza kukingwa au kucheleweshewa. Kwa upande wa dawa, zile zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2023 na 2024 hupunguza kasi ya ugonjwa wa Alzheimer kwa kiasi kidogo, na kwa wale tu walio katika hatua za mwanzo. Mambo haya yote yana jambo moja la kumwambia mwanaistilahi: jina lisilotofautisha uzee na ugonjwa, wala hatua ya mwanzo na ya mwisho, ni jina linalomwacha mgonjwa nyumbani.

2. Jina ni mlango

Pengine msomaji atauliza: yanini kushughulika na majina, hali dawa zenyewe hazijapatikana? Jibu letu ni kwamba katika nchi yetu jina la ugonjwa ndilo linalomwonyesha mtu mlango wa kubisha. Mfano ulio wazi ni neno degedege. Ni neno letu wenyewe, na kila mzazi wa Pwani analielewa. Lakini katika fikra za wengi limefungamana na ndege na mashetani. Uchunguzi uliofanywa wilayani Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba wazazi hawakuihesabu degedege kuwa ni malaria kali, na kwa hiyo wengi walianza kwa mganga wa kienyeji. Hapa tunajifunza kwamba neno la asili, hata likiwa tamu kiasi gani, linaweza kumpeleka mgonjwa pasipofaa kama halikufuatana na maelezo.

Mfano wa pili ni ule wa UKIMWI. Ugonjwa huo ulipotambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, watu waliuita Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikiletwa na wafanyabiashara kutoka ng'ambo ya mpaka. Jina hilo lilieleza ni nani alaumiwe, wala halikueleza mwili umepatwa na nini. Baadaye likaja jina la Upungufu wa Kinga Mwilini, ambalo kifupi chake kimekuwa neno kamili la Kiswahili lenye kuingia katika sentensi bila taabu. Kila mwenye kulisikia jina hilo kwa urefu wake hupata somo dogo la tiba: mwili una kinga, na kinga hiyo imepungua. Hali kadhalika mwaka 2020 na 2021, UVIKO-19 ilipata jina la Kiswahili haraka kwa sababu haja ilikuwa kubwa na vyombo vya lugha vilifanya kazi kwa wakati. Maradhi ya wazee hayana haraka ya namna hiyo. Hayaji kwa kishindo, wala hayajazi magazeti. Ndiyo maana majina yake yameachwa yajiotee kama magugu.

3. Majina yaliyopo

Majina tunayoyakuta katika tafsiri, katika vitabu na katika mazungumzo ya watu twaweza kuyagawa katika mafungu matano.

(a) Kichaa na wazimu. Maneno haya hayahitaji hoja ndefu. Yanamchanganya mzee aliyesahau njia ya kwenda msikitini au kanisani na mtu mwenye ugonjwa wa akili wa namna nyingine kabisa, na yote mawili yamekwisha kuwa matusi. Jamaa wanaoambiwa kwamba baba yao ana kichaa huwazia Mirembe, Dodoma, na badala ya kumpeleka kliniki humficha chumba cha uani.

(b) Shida ya akili. Jina hili limeenea sana katika tafsiri za siku hizi, hasa zile zinazofanywa na mashine, na kwa kuwa linaonekana la adabu wengi wamelipokea. Sisi twaona lina kasoro mbili. Kwanza, halitofautiani na ugonjwa wa akili, jina ambalo lina watu wake, hospitali zake na sheria yake, yaani Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008. Pili, neno akili katika Kiswahili ni pana mno. Mtoto anayefaulu mtihani ana akili. Mfanyabiashara mjanja ana akili. Aliyepona wazimu amerudiwa na akili. Nasi husema kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Neno lenye kubeba yote hayo haliwezi kubainisha kwamba kilichopungua kwa mzee ni kumbukumbu, au lugha, au uwezo wa kupanga mambo. Isitoshe, shida ni neno la jambo la kupita: mtu ana shida ya fedha leo, kesho hana. Hali tunayoizungumzia haipiti.

Katika fungu hili tuingize pia upungufu wa akili na mtindio wa ubongo. Majina haya hutumika kwa mtu aliyezaliwa na ulemavu au aliyeupata utotoni. Mfasiri anayeyatumia kwa mzee aliyesomesha watoto wa watu kwa miaka thelathini amefuta kwa neno moja jambo la kwanza katika maana yenyewe, yaani kwamba uwezo ulikuwapo.

(c) Usahaulifu au ugonjwa wa kusahau. Hili ndilo jina lenye upole kuliko yote, na kwa matangazo ya redio lina manufaa yake. Lakini kusahau ni dalili moja tu. Mzee ambaye maradhi yake yameanza kwa kubadilika tabia, aliyekuwa mpole akawa mkali, aliyekuwa mwangalifu akaanza kugawa mali ovyo, hasahau. Basi jamaa zake wakisikia tangazo hawataona kwamba linawahusu. Kwa upande mwingine, kila mtu husahau. Anayetafuta funguo huku amezishika mkononi hana ugonjwa, naye hana haja ya kutishwa.

(d) Uzee na kurudi utotoni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu fikra za watu wa Hai ulionyesha kwamba wengi waliichukua hali hii kuwa sehemu ya kawaida ya kuzeeka. Kauli ya kurudi utotoni yatokana na fikra hiyo. Haina ubaya wa nia, na mara nyingi husemwa kwa huruma. Lakini kauli hujenga tabia. Anayehesabiwa kuwa mtoto hunyang'anywa fedha zake bila kuulizwa, huzungumzwa mbele yake kana kwamba hayupo, na katika ofisi za mirathi na mafao ndugu hutia sahihi kwa niaba yake tangu siku ya kwanza, ijapokuwa katika hatua za mwanzo bado anaweza kusema analolitaka. Sisi ni watu tunaosema kwamba penye wazee haliharibiki neno. Basi neno linapoharibika mdomoni mwa mzee, jamii isiyokuwa na jina la ugonjwa hutafuta sababu nyingine. Mauaji ya vikongwe waliotuhumiwa uchawi katika mikoa ya Kanda ya Ziwa yanajulikana, na wala hatusemi kwamba yote yalitokana na maradhi haya. Tunasema tu kwamba bibi anayetangatanga usiku, anayezungumza peke yake na kuwatuhumu majirani kwa wizi, yumo hatarini zaidi mahali ambapo hapana neno la kumtetea.

(e) Demenshia. Hili ni neno la kukopa, nalo huandikwa kwa namna zisizopungua tatu: demenshia, demensia na dimenshia. Wanaolitetea husema kwamba halina tusi, na kwamba Kiswahili hakijawahi kuogopa kukopa. Hutukumbusha kwamba hata Kariakoo ni jina la kukopa, lililotokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, na leo hapana jina lililo letu zaidi ya hilo. Hoja hiyo ina nguvu, lakini haitoshi. Jina la mahali kazi yake ni kuonyesha. Mtu akifika Kariakoo, soko analiona kwa macho yake. Jina la ugonjwa usioonekana lina kazi ya kufundisha pia, na demenshia halimfundishi kitu asiyejua lugha za Ulaya. Tena hata huko litokako halikosi lawama: kwa Kilatini lina maana ya mtu aliyetokwa na akili. Kwa sababu za namna hiyo madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani mwaka 2013 walilipunguzia nafasi katika mwongozo wao na kuweka jina linalotaja upungufu wa utambuzi. Wajapani nao waliwatangulia: mwaka 2004 serikali yao iliacha neno la zamani lililobeba maana ya upumbavu, ikachukua neno jipya lenye maana ya ugonjwa wa utambuzi. Kama Wajapani waliweza kulibadili neno lililokwisha kuzoeleka, sisi ambao hatujazoea lolote tuna kazi nyepesi zaidi.

4. Kufasiri vipimo

Kosa la istilahi huonekana zaidi linapoingia katika vipimo, kwa maana hapo neno baya halimchukizi mgonjwa tu bali humpa ugonjwa asiokuwa nao. Vipimo vinavyotumika sana duniani viliundwa kwa Kiingereza: kimoja kilichapishwa mwaka 1975 nchini Marekani, kingine kilichapishwa mwaka 2005 na madaktari wa Montreal, Kanada. Tuangalie mambo manne yanayompata mfasiri wa Kiswahili.

La kwanza ni saa. Kipimo cha Montreal humtaka mtu achore saa yenye kuonyesha dakika kumi baada ya saa kumi na moja ya Kizungu. Kwa Kiswahili huo ni wakati wa saa tano na dakika kumi. Mfasiri akiandika saa tano, mzee hana budi kusikia tano na kuuelekeza mshale kwenye kumi na moja. Akiandika saa kumi na moja, mzee ataufikiria wakati wa jioni, na mshale wake utakwenda kwenye tano. Kwa vyovyote vile, Mswahili anafanya kazi ya ziada ambayo Mwingereza hakupewa. Kipimo kimebadilika, na alama zake hazilinganishiki tena.

La pili ni majira. Swali la kipimo cha 1975 huuliza huu ni msimu gani, kwa kuwazia mgawanyo wa Ulaya. Mzee wa Dar es Salaam anayejibu mwezi Julai kwamba huu ni wakati wa kusi amejibu sawasawa. Anayejibu kipupwe amejibu sawasawa. Na karani mwenye jibu moja katika karatasi yake atamkosesha mmoja wao.

La tatu ni herufi. Katika kipimo cha Montreal mtu huambiwa ataje kwa dakika moja maneno mengi kadiri awezavyo yanayoanza na herufi F. Katika Kiswahili vitenzi hutajwa kwa kiambishi ku-. Mtu akisema kufika, kufunga, kufuga, je, ameanza na F au na K? Na majina yetu huanza na viambishi vya ngeli, kwa hiyo herufi M, K na U zimejaa maneno yasiyo na idadi, ilhali nyingine ni kavu. Kuitafsiri F kwa F ni kufasiri wino na kuacha maana. Afadhali mtu aulizwe majina ya wanyama, jambo ambalo halitegemei kujua kusoma.

La nne ni mahali. Mzee wa Kariakoo akiulizwa jina la barabara anayoishi, akajibu Kichwele, kijana aliyeshika karatasi aweza kuandika kwamba amepotewa. Lakini Kichwele ndilo lililokuwa jina la Mtaa wa Uhuru kabla ya uhuru, kama New Street ilivyokuwa jina la Mtaa wa Lumumba. Aliyezaliwa humo halisahau jina la utoto wake. Wala si haki kuihesabu kumbukumbu kuwa ni upungufu wa kumbukumbu. Tuongeze kwamba nyumba za Kiswahili za ukumbi na uani zimebomolewa kwa wingi na kupandishwa maghorofa, na kwamba soko lenyewe, lililofunguliwa mwaka 1975, liliungua mwaka 2021. Mtu anayeuliza duka la zamani liko wapi, mara nyingi anauliza swali la haki.

Kwa upande huu tunapenda kuwasifu watafiti wa Hai, ambao hawakuridhika na kufasiri. Kwa kuwa wazee wengi hawakupata kushika kalamu, kipimo chao hakimtaki mtu achore. Humtaka apange njiti za kibiriti kwa mfano aliouona. Humtaka pia ataje wanyama na akumbuke orodha ya maneno. Hicho ndicho tunachokiita kufasiri kazi badala ya kufasiri maneno, na tungependa walimu wa tafsiri wakitumie kuwa mfano darasani.

5. Mapendekezo

Utaratibu unaojulikana katika uundaji wa istilahi zetu ni kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho katika lugha za kigeni. Katika jambo hili tumeona kwamba hatuna haja ya kutoka hatua ya kwanza.

Utambuzi. Neno hili limekwisha kutumika katika saikolojia na isimu kwa maana ya kazi zote za ubongo za kujua, kukumbuka na kuamua. Tunapendekeza libaki hapo. Kasoro yake ni kwamba hospitalini hutumika pia kwa kazi ya daktari ya kuujua ugonjwa, na hivyo hupatikana fungu la ajabu kama utambuzi wa upungufu wa utambuzi. Kwa kazi ya daktari tutumie ubainishaji.

Upungufu mdogo wa utambuzi. Jina hili lishike daraja ya chini, ambayo mtu bado anajiendesha.

Mmomonyoko wa utambuzi. Jina hili lishike hali kamili. Mmomonyoko husemwa juu ya kitu kilichokuwapo kikaondoka kidogo kidogo, na kwa hiyo linabeba jambo la kwanza katika maana tuliyoitoa. Halisemi kwamba mtu ni mwehu, wala halisemi kwamba amezeeka tu. Tunatambua kipingamizi chake: watu wamezoea kusikia mmomonyoko wa maadili, na yupo atakayedhani kwamba mzee amekosa adabu. Kwa sababu hiyo tunashauri jina lisikatwe. Siku zote litajwe pamoja na utambuzi. Na palipo na wasikilizaji wasiolizoea neno utambuzi, lifuatane na maelezo haya: ugonjwa wa ubongo unaopunguza uwezo wa kukumbuka, kusema na kuamua.

Mweweseko. Mgonjwa wa homa kali au wa maambukizo huweza kuchanganyikiwa ghafla, kwa saa au siku chache, na hali hiyo mara nyingi huondoka chanzo chake kikitibiwa. Leo neno kuchanganyikiwa hutumika kwa hali hiyo na pia kwa ile ya miaka mingi, na matokeo yake ni kwamba mzee aliyebadilika jana huachwa nyumbani kwa kudhaniwa kwamba ni yale yale ya uzee, kumbe alipaswa kufikishwa hospitali siku hiyo hiyo. Kiswahili kina kitenzi kuweweseka, ambacho kila aliyeuguza mgonjwa wa malaria anakijua. Tukiunde jina na kulipa kazi hii.

Sonona. Neno hili limekwisha kukubalika kwa huzuni iliyo ugonjwa. Tunalitaja kwa sababu mzee mwenye sonona huweza kusahau na kuzubaa hata akadhaniwa ana mmomonyoko wa utambuzi, naye anatibika. Mweweseko, sonona na mmomonyoko wa utambuzi ni maneno matatu ambayo mganga wa zahanati anapaswa kuwa nayo kwa pamoja, kwa maana kila moja lina safari yake.

Muuguzaji. Kwa jamaa anayemtunza mgonjwa nyumbani, tafsiri nyingi hutumia mlezi. Mlezi hulea mtoto. Basi neno hilo linaturudisha katika utoto tulioukataa. Kiswahili kinasema kwamba mtu anamuuguza mama yake. Yeye ni muuguzaji, na aliyesomea kazi hiyo ni muuguzi.

Tiba ya kuchangamsha utambuzi. Huko Hai ilijaribiwa tiba isiyotumia dawa, ambayo wagonjwa hukutana katika vikundi kwa vikao 14, wakizungumza, wakiimba na kufanya kazi za mikono wanazozijua, na ikaonekana kuwasaidia. Kitenzi kuchangamsha chafaa hapa, kwa kuwa hakiahidi kuponya.

Tunapendekeza pia kwamba katika fomu, barua na hukumu isiandikwe punguani, zezeta wala mgonjwa wa akili. Iandikwe mtu mwenye mmomonyoko wa utambuzi, na hatua aliyofikia itajwe, kwa sababu hatua ndiyo inayoamua kama bado anaweza kutia sahihi yake mwenyewe.

Hatudai kwamba maneno haya ni ya mwisho. Tunadai tu kwamba yasiamuliwe mezani. Kabla ya kuchapwa katika kijitabu chochote, kila moja lisomwe mbele ya watu kumi au ishirini wa barazani na sokoni, wasomi na wasio wasomi, kisha waulizwe swali moja: mzee wenu akipewa jina hili, mtampeleka wapi? Wakijibu kwa mganga, au Mirembe, au hatutampeleka popote kwa kuwa ni uzee, neno hilo limeshindwa, hata kama sarufi yake haina dosari. Wasomaji watakaolifanya jaribio hilo, Kariakoo au kwingineko, watuletee majibu pamoja na maneno mengine waliyoyasikia, hasa ya lahaja, nasi tutayachapa na kuyajadili.